Udongo Umo Majini, Risasi Haijatoka: Kasoro Iko Wapi?

Bi mkubwa mmoja wa pembezoni mwa mji wa Tanga alinikaribisha barazani kwake, akamimina maji kwenye bilauri na kuiinua kwenye mwanga. "Tazama, Mwalimu. Yametakata kama ya mvua." Kisima chake kiko hatua chache tu kutoka kiwanja ambako kwa miaka mingi fundi alipasua betri za gari na kumwaga maji yake ya tindikali ardhini. Wajukuu walikuwa wamesikia kwamba udongo wa mfinyanzi hunasa risasi, ile metali ya sumu iliyomo kwenye betri za gari. Wakaleta kiroba, wakaumimina pipani, wakakoroga, wakaacha maji yatuame usiku kucha. Yalitakata kweli. Majibu ya maabara yaliporudi, risasi ilikuwa imeshuka kidogo tu, bado iko juu ya kiwango cha kunywa.

Wajukuu wale hawakubuni uongo. Udongo hunasa metali nzito, na kazi hiyo inafahimika vizuri. Kilichowaponza ni jicho. Sote tumelelewa kuamini kwamba maji maangavu ni maji salama, na kwa tope imani hiyo inatusaidia. Kwa risasi, kadimiamu au aseniki haitusaidii hata kidogo. Kiwango cha risasi kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita, yaani gramu moja iliyotawanyika ndani ya lita 100,000, ambazo ni maboza kumi ya lita elfu kumi kumi. Kiasi hicho hakina rangi, harufu wala ladha. Kwa hiyo dalili nyingi nitakazozieleza zinaonekana kwenye karatasi ya maabara, si kwenye bilauri. Asiye na majibu ya maabara ya kabla na ya baada hana cha kurekebisha, maana hajui kama kuna kilichoharibika.

Kabla ya dalili, maneno machache kuhusu namna udongo unavyofanya kazi. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ni tabaka juu ya tabaka, nyembamba mno, na nyuso za tabaka hizo zina chaji hasi. Juu yake zimekaa ioni (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) za chaji chanya: sodiamu, kalsiamu, magnesiamu. Fikiria jamvi kwenye shughuli ya maulidi, waliotangulia wamekwisha kukaa. Akija mgeni mwenye uzito, yaani risasi au shaba, mmoja au wawili wananyanyuka wampishe. Zipo pia nafasi za kwenye kingo za chembe, ambazo hushika metali kwa nguvu zaidi, lakini hizo hufunguka au kufungwa kulingana na ukali wa tindikali ya maji. Ukishika hayo mawili, kwamba nafasi zina idadi na kwamba tindikali ndiyo inayofungua mlango, utaweza kutafuta kasoro mwenyewe.

Maji yametakata, lakini metali haijashuka

Hii ndiyo dalili niliyokutana nayo mara nyingi kuliko zote, na sababu zake ni kadhaa. Anza na udongo wenyewe.

Watu wakisema mfinyanzi huwa wanataja vitu viwili tofauti. Upo udongo mweupe au wa kijivujivu, laini, usiovimba, wenye kaolini kwa wingi, kama ule unaojulikana wa Pugu. Na upo udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa za kuingia mguu wakati wa kiangazi na kung'ang'ania gumboti masika, kama ulio mabondeni huko Korogwe na Handeni. Huu wa pili una madini ya kundi la montimoriloniti, ambayo tabaka zake hufunguka na kuingiza maji katikati. Kwa kipimo cha wanakemia, kaolini ina uwezo wa kubadilishana ioni wa miliekwivalenti 3 hadi 15 kwa kila gramu 100. Montimoriloniti safi ina 80 hadi 120. Jamvi moja lina nafasi kumi, jingine lina mia, na kwa macho yote mawili ni udongo tu. Wajukuu wa bi mkubwa walileta ule mweupe, kwa sababu ulionekana msafi. Ningekuwa kijana na sijaelezwa, nami ningeuchagua huohuo.

Kuutambua udongo hakuhitaji mtambo. Finyanga kipande kirefu kama kidole, pima urefu wake kwa rula, kikaushe kivulini kisha juani, pima tena. Wa mbuga husinyaa sana na kupasuka. Wenye kaolini hubaki karibu na urefu wake.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la mrututu (salfeti ya shaba), kwa kuwa wanafunzi huona kwa macho yao. Yeyusha gramu 0.4 za mrututu kwenye lita moja ya maji ya mvua. Hapo utakuwa na takribani miligramu 100 za shaba. Gawa kwenye chupa mbili za nusu lita, tia gramu 5 za udongo mkavu uliosagwa kwenye kila chupa, mweupe huku na mweusi kule, kisha tikisa nusu saa na uache zituame. Chota maji ya juu kwenye bilauri za maabara, dondoshea amonia. Shaba iliyobaki hugeuka buluu iliyokolea. Kwa hesabu, gramu 5 za kaolini ya wastani haziwezi kubeba hata theluthi ya shaba ile, ilhali gramu 5 za mbuga nzuri zina nafasi za kuizidi mara mbili. Darasa linapoona chupa moja ya buluu na nyingine isiyo na rangi, hakuna tena haja ya kulieleza lolote. Angalizo mawili: mrututu ni sumu, usifanye jaribio hili kwa vyombo vya jikoni, na kwanza dondoshea udongo wako siki. Ukitoa povu una chokaa ndani yake, na chokaa itaangusha shaba kwa njia yake yenyewe, kwa hiyo jaribio halitakuambia habari za nafasi za udongo.

Sababu ya pili ni tindikali. Kipimo chake huitwa pH: 7 ni katikati, na kadiri inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi. Maji yenye pH chini ya 4 yamejaa ioni za haidrojeni, na hizo hukalia nafasi zilezile unazotaka zikaliwe na risasi. Maji yaliyopita kwenye mwamba wenye salfaidi uliochimbwa, au kwenye ardhi iliyomwagiwa tindikali ya betri, huwa hivyo. Hapo unaweza kutia udongo bora kabisa na usipate kitu. Unachotakiwa kufanya ni kupandisha pH mpaka kati ya 6 na 7.5 kabla ya udongo kuingia. Kwa Tanga dawa yake iko chini ya miguu yetu: mawe ya chokaa, yaleyale yaliyofanya mapango ya Amboni. Yaponde, yaoshe, yapitishie maji polepole. Napendelea mawe kuliko chokaa ya kupakia ukutani kwa sababu mawe hujizuia yenyewe. pH ikikaribia 8 huacha kuyeyuka. Chokaa ya unga ukizidisha kijiko, maji yanaruka hadi pH 11 au zaidi, na huko risasi na zinki huanza kuyeyuka upya.

Karatasi za kupimia pH si ghali, nunua. Usipozipata, chemsha choya, chukua juisi yake na uitie kidogo kwenye maji. Ikibaki nyekundu kali, maji yana tindikali; ikielekea zambarau, yako katikati; ikigeuka kijani, umezidisha chokaa. Si kipimo cha kuandika kwenye ripoti, lakini kinatosha kukuzuia usipoteze kiroba kizima cha udongo.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi watu wa pwani hasa. Maji ya visima vyetu vingi ni magumu, sabuni haitoi povu na birika hufanya ukoko mweupe. Vilivyo karibu na bahari vina chumvi juu ya ugumu huo. Tuseme kisima kina miligramu 100 za kalsiamu kwa lita, jambo la kawaida kwenye ardhi ya chokaa, na miligramu 0.1 za risasi, ambayo ni mara kumi ya kiwango. Ukihesabu ioni, kwa kila ioni moja ya risasi kuna ioni za kalsiamu zipatazo 5,000. Risasi hushika kwa nguvu zaidi, ndiyo maana udongo bado unasaidia, lakini katika umati huo nafasi nyingi zitakaliwa na asiyehitajika. Kwenye chumvi hali ni mbaya zaidi kwa kadimiamu na zebaki, kwa kuwa kloridi hujifunga nazo zikaelea majini badala ya kukaa kwenye udongo. Anayefanya majaribio kwenye maji ya mvua na kuhamishia vipimo vyake kisimani lazima ashangae. Jaribu udongo wako kwa maji ya kisima chako.

Sababu ya nne ni kwamba metali uliyo nayo huenda si mgeni wa jamvi hili. Aseniki majini haitembei na chaji chanya. Ama ina chaji hasi, ama haina chaji kabisa. Kromiamu ile ya aina ya sita, iliyo hatari zaidi, nayo ina chaji hasi. Udongo wenye chaji hasi unazisukuma. Hapa udongo mwekundu wa Amani na milima ya Muheza, ambao kwa risasi ni dhaifu, unaupita ule wa mbuga: wekundu wake ni oksaidi za chuma, ndugu wa kutu, na aseniki iliyokwisha oksidishwa, yaani kuongezewa oksijeni, hushika kwenye kutu maji yakiwa na pH ya chini ya 8 hivi. Ile isiyo na chaji, inayopatikana kwenye maji ya chini yasiyo na hewa, inabidi ioksidishwe kwanza, kwa mfano kwa klorini.

Kuhusu zebaki nitasema wazi. Handeni na Kilindi wapo wachenjuaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki, na naulizwa mara nyingi kama udongo unaweza kusafisha kisima kilicho chini ya karasha (mashine ya kusaga mawe) na lundo la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa. Usiutegemee. Zebaki inaweza kuwa matone ya metali yaliyolala chini, inaweza kuwa imefungwa na kloridi, na ikishageuzwa na bakteria wa matopeni ikawa methili ya zebaki huingia kwa samaki. Makaa maalumu yaliyotiwa salfa huifanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini kwa familia jibu la kweli ni kuchota maji ya kunywa mahali pengine.

Sababu ya tano ni ya mikono. Udongo uliomwagwa pipani ukatulia chini haukutani na maji. Ioni inayoelea juu ya pipa haijui kwamba kuna udongo chini. Kausha udongo juani, uponde kwenye kinu ambacho hakitatwangiwa chakula tena, uchekeche, kisha ukoroge mfululizo kwa saa nzima. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika ndani ya saa hiyo. Kuuacha siku tatu bila kukoroga hakufidii.

Imeshuka kwa asilimia 90, na bado haifai

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu asilimia hudanganya watu wenye nia njema. Maji yenye miligramu 0.5 za risasi yakipungua kwa asilimia 90 yanabaki na 0.05. Hiyo ni mara tano ya kiwango. Wengi wakifika hapo huongeza udongo mara mbili au tatu, pipa likawa uji.

Usiongeze. Gawanya. Chukua udongo uleule uliokupa asilimia 90 na uutie kwa mafungu, kila fungu likoroge, litulie, uhamishe maji ya juu kwenye pipa safi ndipo utie fungu jingine. Maadamu metali ni kidogo na nafasi ni nyingi, hesabu huenda hivi: udongo wote kwa mkupuo unaacha sehemu 1 kati ya 10. Ukiugawa mara mbili unaacha sehemu 1 kati ya 30 hivi. Ukiugawa mara tatu unaacha sehemu 1 kati ya 64. Ile 0.5 inakuwa 0.05, au 0.017, au 0.008, na hii ya mwisho imeingia ndani ya kiwango. Udongo haukuongezeka hata kijiko. Kila fungu jipya linakutana na maji yaliyokwisha kupunguzwa na fungu lililotangulia, na linakuja na nafasi tupu.

Maji halisi hayafuati hesabu kwa unyoofu huo, kwa hiyo maabara ndiyo itakayokuambia umefika wapi. Lakini katika yote tuliyobadilisha kwa bi mkubwa, hili la kugawa ndilo lililoleta tofauti kubwa zaidi, kuliko hata kubadili udongo.

Maji hayataki kutuama

Siku mbili zimepita na maji bado yana rangi ya chai ya maziwa. Mara nyingi hili hutokea kwa udongo wa mbuga ndani ya maji ya mvua au ya mto wa milimani. Chembe zake ni ndogo mno, zote zina chaji ya aina moja, zinasukumana, na maji hayana chumvi za kutosha kuzituliza. Wa pwani wenye kisima cha chumvichumvi hawalijui tatizo hili, udongo wao hushuka wenyewe.

Dawa ya kawaida ni shabu. Inafanya kazi, ila ina tabia moja ambayo wengi hawaiangalii: hushusha pH. Kwenye maji laini ya milimani, shabu ikizidi inaweza kuyafanya maji yawe na tindikali kiasi cha kulazimisha udongo uachie metali ulizokwisha kushika. Utapata maji maangavu kuliko mwanzo na yenye risasi kuliko jana. Ukitumia shabu, pima pH baada yake.

Mbegu za mlonge haziyumbishi pH. Menya mbegu kavu, zisage, changanya unga na maji kidogo, chuja kwa kitambaa, mimina kwenye pipa, koroga haraka dakika moja kisha polepole kwa dakika kumi hivi. Kwa maji ya tope, mbegu moja au mbili kwa lita hutosha. Anza na kidogo. Mlonge huacha mabaki ya mmea majini, kwa hiyo maji hayo yasilale zaidi ya siku moja. Baada ya kutuama, yapitishe kwenye mchanga safi.

Jambo hili la tope linagusa pia sampuli ya maabara. Maabara hutia tindikali ya nitriki kwenye chupa ili metali zisigande ukutani, na pH hushuka chini ya 2. Kama sampuli yako ina udongo unaoelea, tindikali ile itaunyang'anya udongo metali zake zote na kuzihesabu kana kwamba zilikuwa zimeyeyuka. Nimeona watu wakikata tamaa kwa majibu ya namna hiyo. Peleka chupa mbili: moja iliyochujwa kabla ya tindikali, nyingine kama unavyokunywa. Ya kwanza ikiwa chini na ya pili juu, udongo wako umefanya kazi na kasoro iko kwenye kuchuja. Usilipuuze jibu la pili lakini, kwa sababu tumboni nako mna tindikali.

Ilikuwa sawa, kisha ikarudi

Pipa la kwanza hadi la kumi safi, la kumi na tano limeharibika. Jamvi limejaa. Hapo hakuna dawa, badilisha udongo. Kwenye maji magumu linajaa mapema kuliko unavyodhani, basi usikadirie kwa kuangalia risasi peke yake.

Lakini ipo hali nyingine inayofanana na hiyo na chanzo chake ni tofauti: udongo haujajaa, ila maji yamebadilika. Masika, kati ya Machi na Mei, mvua huingia visimani na kuosha vilivyolala ardhini. Maji yaliyokuwa magumu yanakuwa laini, pH inashuka. Au kinyume chake, mwishoni mwa kiangazi chumvi inapanda kwenye visima vya karibu na bahari. Katika hali zote mbili udongo uliotumika unaweza kurudisha ulichobeba. Ndiyo maana nasema udongo uliotumika usiachwe chini ya pipa ukangoja maji mapya. Utoe. Na upime maji mara mbili kwa mwaka, masika na mwisho wa kiangazi, hata kama mara ya kwanza majibu yalikufurahisha.

Metali imepanda badala ya kushuka

Hii hutisha, na mara nyingi sababu yake ni rahisi. Angalia chombo. Ndoo na matangi ya bati lililopakwa zinki hutoa zinki, na kadimiamu hufuatana na zinki. Mapipa yaliyowahi kubeba dawa au rangi hayafai, hata ukiyaosha mara saba. Angalia ulikochimba udongo: kando ya barabara kuu, karibu na gereji, chini ya jalala? Udongo unanasa metali popote ulipo, hausubiri uuweke pipani. Hata pemba, ule udongo wanaotafuna akina mama wajawazito, imewahi kupimwa na kukutwa na risasi, wala si kwa sababu mtu aliitia.

Kuna na harufu ya yai viza. Udongo wenye majani na mizizi ukiachwa majini wiki kadhaa huishiwa hewa, bakteria huanza kuyeyusha chuma na manganisi, na aseniki iliyokuwa imeshikwa na kutu huachiliwa pamoja na chuma hicho. Maji yakitoa harufu hiyo, au yakiwa na utando wenye rangi kama ya mafuta juu yake, mwaga yote uanze upya kwa udongo uliochimbwa chini ya usawa wa mizizi.

Kichujio kimeziba

Wa mbuga umevimba. Huwezi kuushindilia kwenye bomba na kutegemea maji yapite. Uchanganye na mchanga mwingi, sehemu moja ya udongo kwa tisa za mchanga, na hata hivyo maji yatapita polepole. Mimi kwa nyumbani sipendekezi kichujio cha udongo, napendekeza pipa na mwiko.

Wengine hukwepa kuziba kwa kuchoma udongo kwanza, au kusaga vigae vya mitungi. Ukipita nyuzi 600 hivi, udongo hupoteza maji yaliyo ndani ya muundo wake, tabaka hazifunguki tena na nafasi nyingi hupotea. Vichujio vya kauri vinavyochomwa pamoja na pumba vinazuia vijidudu kwa matundu yake madogo, na kwa kazi hiyo navisifu. Kwa risasi iliyoyeyuka havitoshi. Na udongo nao hauui vijidudu: maji yakishatoka kwenye udongo na mchanga, yachemshe. Usigeuze mpangilio huo ukadhani kuchemsha kutaondoa metali. Maji hupungua kwa mvuke, risasi inabaki palepale.

Tope lililobaki

Kwa bi mkubwa tulibadilisha udongo, tukauleta wa mbuga, tukaugawa mafungu matatu na kukoroga kila fungu saa nzima. Risasi ilishuka ndani ya kiwango. Hata hivyo nilimwomba wajukuu wadogo wanywe maji ya bomba au ya mvua, ya kisima yabaki ya kufulia na kudekia, mpaka majibu ya masika yarudi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo sana, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa hakimdhuru. Alikubali bila ubishi.

Tukabaki na tope. Hili ndilo swali ambalo watu huuliza mwisho, ilhali lilipaswa kuulizwa kabla ya kiroba cha kwanza kuletwa. Risasi haikutoweka, imehamia humo, tena imekusanyika. Usilitupe tope hilo shambani wala mtaroni, usilikandike ukutani, usimpe mfinyanzi, na usiliache kuku walipo. Likaushe mahali ambapo mvua haifiki na mtoto hafiki, ulitie kwenye ndoo yenye kifuniko, umwone ofisa mazingira wa halmashauri. Njia inayotumika viwandani kwa tope la risasi ni kuligandisha ndani ya saruji kabla ya kulifukia mbali na vyanzo vya maji, nayo inafaa pale kiasi kinapokuwa kikubwa. Kwa sampuli za maji, milango ni maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zilizo mikoani, au Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Waulize chupa zao kwanza, usiende na ya soda.

Ndoo ya bi mkubwa iko nyuma ya banda, juu ya matofali. Mjukuu wake wa kike ameiandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa pande zote mbili: UDONGO WA RISASI, USIGUSE.